Kumpa mtoto mkubwa uhuru kwenye matembezi ya familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wazazi na walezi wenye watoto wa kati ya miaka 9 na 16, wale ambao si wa kushikwa mkono tena lakini bado si watu wazima. Maswali haya hurudi kila likizo ya Juni na ya Desemba, familia zinapotoka kwenda ufukweni, kwenye maonesho, mbugani au kwa ndugu. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam na Unguja, kwa kuwa ndiko ninakokujua.

Kuna umri maalumu wa kumwachia mtoto azunguke mwenyewe?

Hakuna umri mmoja unaofaa kila mahali. Mtoto yuleyule wa miaka 11 unaweza kumruhusu akanunue mishkaki hatua hamsini kutoka mlipokaa, halafu ukamkatalia kabisa kuingia baharini bila mtu mzima. Hapo hujajipinga. Uhuru hupimwa kwa mahali na kwa kazi anayokwenda kuifanya, na umri huja baadaye.

Kisheria, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara inamtambua kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na wajibu wa kumlinda uko kwa mzazi au mlezi. Kwa hiyo kumruhusu hakukuondolei wajibu. Yapo maeneo ambako umri umekwisha kupangwa na wenye mamlaka, na huko hakuna mjadala: kwenda kuwaona gorila wa milimani huko Uganda na Rwanda ni lazima mtoto awe ametimiza miaka 15, na Mlima Kilimanjaro mtoto wa chini ya miaka 10 haruhusiwi kupanda zaidi ya mita 3,700. Tafadhali usimwongezee mtoto umri getini. Anakusikia.

Kwingineko kote, mimi huangalia duka la mtaani. Mtoto anayetumwa dukani akarudi na alichotumwa, chenji ikiwa kamili, bila kupitia uwanja wa mpira, huyo ameanza kuiva. Asiyeweza hilo mtaani kwenu ambako kila mtu anamjua hataliweza mahali asikojulikana na mtu. Ongeza mambo mawili: ajue namba ya simu ya mzazi kwa kichwa, na awe ameshawahi kumwambia mtu mzima “hapana” kwa adabu akasimama nayo.

Nianzie wapi? Mwanangu ana miaka 10 na hajawahi kuachiwa hata kidogo.

Anza na kumtuma, usianze na kumwachia. Ukimwambia mtoto “haya, kazunguke”, umempa uwanja usio na mwanzo wala mwisho. Ukimtuma, ana kazi, ana njia, na ana sababu ya kurudi.

Chukua mfano wa Bustani ya Forodhani, Unguja, baada ya magharibi, meza za vyakula zikiwa zimewashwa taa. Kaeni mahali ambapo mnaiona mashine ya miwa. Mpe noti ya elfu kumi, mwambie alete juisi mbili, moja isiwe na tangawizi. Kisha tulia umtazame. Atafika, na watu wazima watampita mbele mara mbili tatu kana kwamba hayupo. Mwenye mashine atapitisha muwa, ataukunja, ataupitisha tena pamoja na ndimu, na mwanao atakuwa bado amesimama na noti yake mkononi. Utaona anajisogeza. Utaona anafungua kinywa, anafunga, halafu anasema kitu. Pengine atasahau habari ya tangawizi. Pengine atahangaika kuhesabu chenji huku glasi mbili ziko mikononi, mpaka agundue kwamba anaweza kuziweka mezani kwanza.

Usiinuke kwenda kumsaidia anapopitwa kwenye foleni. Hapo ndipo penye faida yote. Mtoto aliyeweza kusema “Kaka, mimi nilifika kabla yake” amepata sauti atakayoihitaji siku mtu atakapomtaka afanye asichotaka.

Baada ya hapo songa taratibu: kwanza kazi unayoiona kwa macho, kisha kazi ya kona moja isiyoonekana kwa dakika tano, kisha muda mfupi wa kuzunguka mwenyewe ndani ya mipaka. Usipeleke haraka kwa sababu tu mara ya kwanza ilikwenda vizuri. Na kwa Forodhani hasa, mwambie mapema kwamba ukuta wa baharini ambako vijana wa pale hujirusha majini si wa kwake. Wale wanayajua maji yale tangu wadogo, na yeye hayajui.

Tunakwenda Sabasaba. Watoto wa miaka 12 na 14 wanataka wazunguke wenyewe. Tuwaruhusu?

Ndiyo, kwa masharti, na sharti la kwanza linawahusu ninyi wazazi: chagueni siku. Maonesho haya ya biashara hufanyika kila mwaka kuanzia tarehe 28 Juni hadi 13 Julai kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, na tarehe 7 Julai, ambayo ni sikukuu, watu hufurika hata mtu mzima hupotezana na mwenzake. Ukitaka kuwapa watoto nafasi, nendeni siku ya kazi, asubuhi. Siku ya 7 wote mkae pamoja, na waambiwe sababu.

Mkiingia, kabla ya kununua chochote, tafuteni mahali pa kukutania. Pawe ni jengo au mnara usiohama. Msiseme “getini”, maana mageti ni zaidi ya moja na kila mmoja atasimama kwenye la kwake. Wala msiseme “kwa yule mwenye mwavuli mwekundu”, maana mwenye mwavuli huhama jua linapohama. Nendeni wote mpaka hapo, msimame. Halafu zungukeni mabanda mawili matatu, na umwambie mtoto awaongoze kurudi mlipokubaliana. Akipapata bila kusaidiwa, nusu ya kazi imekwisha. Akipotea njia nanyi mko nyuma yake, basi leo bado, na amejionea mwenyewe.

Waende wawili wawili, wala wasiachane hata mmoja akitaka kwenda msalani. Raundi ya kwanza iwe nusu saa, mkutane, kisha ya pili iwe saa nzima. Mpaka utajwe kwa vitu vinavyoonekana, “kuanzia banda hili mpaka barabara ile”, na wasitoke nje ya uzio kwa sababu yoyote, hata akitokea mtu akasema “baba yako yuko nje anakuita”. Baba hatamtuma mtu. Hilo walisikie kwa masikio yao kutoka kwa baba mwenyewe, au kwa yeyote aliyewaleta.

Asubuhi kabla ya kutoka, wapige picha wakiwa wamevaa nguo za siku hiyo. Mzazi mwenye wasiwasi hukumbuka kila kitu isipokuwa rangi ya shati la mwanawe.

Na baharini je? Mwanangu ana miaka 13 na anasema anajua kuogelea.

Hapa naomba unisome polepole. Baharini sitoi uhuru wa peke yake kwa mtoto yeyote, awe na miaka 9 au 16. Mengine yote katika majibu haya unaweza kuyapima na kuyapunguza kulingana na mwanao. Hili usilipunguze.

“Najua kuogelea” kwa watoto wengi wa mjini maana yake ni kwamba alishavuka bwawa la hoteli kwa upana. Bwawa halina mkondo, halina wimbi, na maji yake hayajai wala hayapwi. Halafu mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono kama tunavyodhani. Kinywa kiko majini, pumzi hana, na dakika chache zinatosha. Ndiyo maana watoto huzama huku watu kumi wako mita chache wakila samaki.

Wekeni zamu. Mtu mzima mmoja, nusu saa, anatazama maji tu: hana simu mkononi, hageuzi nyama, hasimulii. Nusu saa ikiisha anamkabidhi mwenzake kwa mdomo, “sasa ni wewe”. Watu wazima wanane waliokaa bila zamu ni sawa na kutokuwepo mtu, kwa sababu kila mmoja anaamini mwenzake anaangalia. Asiyejua kuogelea, hata kama ana miaka 15 na ndevu zinaota, akae mahali ambapo mkono wa mtu mzima unamfikia. Na ile mipira ya magari inayokodishwa ufukweni si kifaa cha kuokolea. Inamfikisha asiyejua kuogelea mahali penye kina, kisha upepo au mkondo ukimsogeza nje hana namna ya kurudi.

Lipo jambo ambalo wageni wa pwani hawalifahamu, na watoto wao hawaambiwi. Mwambao wetu bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, ikichukua kama saa sita na kidogo kutoka kupwa mpaka kujaa. Siku za bamvua, zinazoandamana na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika mita 3 hadi 4. Tena maji hayaji kwa mwendo mmoja. Huanza taratibu, lakini saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa ndipo huja kwa kasi, na katika saa hizo mbili peke yake karibu nusu ya kina chote hujaa. Pwani za Paje na Jambiani, bahari ikipwa, mtoto anaweza kutembea kwa miguu mamia ya mita kuelekea mwambani, maji yakiwa chini ya goti. Anaokota kome, anatazama nyota za bahari, amezama katika alichokipata. Nyuma yake yale mabonde ya mchanga aliyoyavuka bila kuyaona yanajaa kwanza. Anapogeuka, kati yake na ufukwe kuna maji ya kifuani.

Badala ya kumzuia tu, mpe kazi hiyo mtoto mkubwa. Awe yeye msimamizi wa maji wa familia. Mkifika, aende kwa wavuvi, au kwa akina mama wanaolima mwani, awaamkie na kuuliza maji yanageuka saa ngapi. Wao wanajua kwa dakika, maana kazi yao yote imefungwa na saa hiyo. Arudi awatangazie, na saa ikifika awe yeye wa kuwaita wote watoke, wakiwemo baba na mama. Siku ya pili akauliza tena, ataambiwa saa imesogea mbele kama dakika hamsini, naye ataanza kufuatilia mwezi mwenyewe. Huo ni uhuru wenye maana kuliko kumwacha aogelee peke yake, na nimeona vijana wakivimba vichwa kwa fahari kwa kupewa kazi hiyo.

Mkivuka kwenda Mbudya au Bongoyo kwa boti, kila mmoja avae jaketi okozi tangu ufukweni, pamoja na kijana anayeona haya. Ukilivaa wewe kwanza, haya itampungua.

Binti yangu mkubwa ana miaka 13, ndiye huwaangalia wadogo zake tukitoka. Je, si sawa?

Kusaidia ni sawa. Kugeuzwa yaya wa familia kila mnapotoka si sawa, na nadhani hili ndilo jambo tunaloliona kidogo kuliko yote. Tazama familia yoyote ufukweni siku ya Idi au Krismasi. Mama na mashangazi wako kwenye vyakula, baba na wajomba wako kwenye stori, wavulana wametawanyika na mpira. Binti wa miaka 12 au 13 yuko pembeni na mtoto wa mwaka mmoja kiunoni, mwingine anamvuta gauni. Jioni tunarudi tukisema watoto wamefurahi leo.

Binti huyo hakutoka, alihamishiwa kazi za nyumbani ufukweni. Kuna hatari pia. Mtoto wa miaka 13 hawezi kubeba dhamana ya mtoto mdogo karibu na maji au barabara. Likitokea la kutokea, lawama itamwangukia maisha yake yote, ilhali dhamana haikuwa yake.

Utaratibu ninaoupendekeza ni mwepesi. Mtoto mkubwa, awe wa kike au wa kiume, asaidie kwa muda unaotajwa: “wewe utakaa na mdogo wako mpaka tumalize kupika, kisha uko huru mpaka saa kumi”. Na saa kumi isirudishwe nyuma kwa “hebu nishikie kidogo”. Karibu na maji, mdogo awe mikononi mwa mtu mzima.

Wavulana wangu nawaachia, lakini msichana naogopa. Nifanyeje?

Woga wako una sababu. Wasichana husumbuliwa barabarani na ufukweni kwa namna ambayo wavulana wengi hawaijui. Ila ukimfungia, unampeleka kwenye miaka 18 akiwa hajawahi kusimama mahali peke yake, na usumbufu utamkuta hukohuko bila mazoezi. Mpe uhuru uleule wa kaka yake kwa mpangilio tofauti: aende na mwenzake, abaki kwenye njia zenye watu, na mzungumze waziwazi afanye nini mtu akimwita, akimshika mkono, au akimfuata. Afundishwe kwamba akisumbuliwa ana ruhusa ya kupiga kelele na kukosa adabu.

Wavulana nao tusiwasahau. Mvulana wa miaka 11 anaweza kudhuriwa pia, na tumewazoesha kunyamaza.

Tunatoka na ukoo mzima, watu wote tunafahamiana. Bado nahitaji tahadhari?

Ndiyo. Mtoto anayefanyiwa ukatili wa kingono mara nyingi hufanyiwa na mtu anayemfahamu, na mkusanyiko wa ukoo ni mahali ambapo kila mmoja anadhani mtoto yuko kwa mwingine. Weka kanuni moja inayomhusu kila mtu, ili asijisikie mtu kushutumiwa: hakuna mtoto anayeondoka na mtu mzima mmoja, kwa gari, kwa pikipiki au kwa miguu, kabla mtoto mwenyewe hajaja kumwambia mzazi wake. Akija mjomba kuaga kwa niaba yake, haitoshi.

Mwambie mtoto pia kwamba shikamoo ni lazima, lakini kukumbatiwa na kukalishwa mapajani si lazima. Akikwambia hamtaki mtu fulani, usimwambie “usiwe hivyo, ni mkubwa wako”. Muulize mkiwa wawili, na umsikilize mpaka mwisho. Ikiwa kuna jambo, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo, Tanzania na Kenya pia.

Nimpe simu?

Kitochi kinatosha, kikiwa na chaji na salio. Simu kubwa ya kisasa kwenye umati humfanya awe wa kuibiwa, na humfanya atazame kioo badala ya njia. Lakini usiifanye simu kuwa mpango wenyewe. Mahali penye watu wengi mtandao husuasua, chaji huisha, simu hudondoka majini. Mpango ni mahali pa kukutania na saa. Simu ni ya ziada. Saa ya mkononi ya bei ndogo ina faida kubwa kuliko wazazi wengi wanavyodhani.

Nimpe hela kiasi gani?

Ya kutosha kile anachokwenda kununua na nauli ya kumfikisha nyumbani, iliyofichwa mfuko mwingine. Hela ya matumizi aimalize atakavyo. Akiimaliza yote kwenye bembea ya kwanza, usimwongezee.

Mbugani?

Mbugani hakuna uhuru wa kuzunguka, kwa mtoto wala kwa mzazi. Mikumi, kama hifadhi nyingine, hushuki kwenye gari isipokuwa mahali palipotengwa, na hata hapo mtoto haendi msalani peke yake wala hali akiwa amesimama mbali, maana nyani hunyang'anya chakula mkononi. Mpe uhuru wa aina nyingine: ashike ramani, achague njia ya kufuata ndani ya hifadhi, awe msomaji wa mabango, aandike wanyama waliowaona.

Wajukuu wamekuja likizo kutoka ng'ambo. Binamu zao wanazunguka mtaani peke yao. Nao waende?

Waende, lakini si siku ya kwanza, na barabara ndiyo ya kufundishwa mwanzo. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto, kama Uingereza. Oman, Marekani, Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Mtoto aliyekulia Muscat au Chicago hutazama kushoto kwanza kabla ya kukanyaga lami, kwa mazoea asiyoyafikiria, wakati hapa gari la karibu linatokea kulia kwake. Haitoshi kumwambia. Vuka naye mara kadhaa, mwache yeye aseme lini mvuke. Mwonyeshe kwamba bodaboda hutokea pande zote, hata juu ya njia ya miguu, kwamba mistari ya kivuko haisimamishi kila dereva, na kwamba Barabara ya Morogoro ina njia ya mwendokasi katikati ambayo basi huja kwa kasi hata foleni ya magari mengine ikiwa imesimama.

Saa ya kurudi mwonyeshe kwa kidole kwenye saa yenyewe, kwa kuwa huenda hajazoea kuhesabu saa kwa Kiswahili, msije mkapishana.

Na usimfanye binamu wa hapa kuwa mlinzi wake. Mtoto wa miaka 12 wa Temeke anaijua mitaa yake, lakini hawezi kumzuia mwenzake mwenye miaka 14 aliyeamua jambo.

Bibi na mashangazi wanasema “mnamwachia huyu mtoto”. Nawajibuje?

Kwa heshima, na kwa kuwaeleza mpango: anakwenda wapi, na nani, anarudi saa ngapi. Mara nyingi kinachowatisha ni kuona mtoto hayupo na mzazi hajui alipo. Ukimjibu bibi palepale “yuko kwenye mahindi na Juma, anarudi saa kumi”, atatulia. Na ukishindwa kumjibu, basi bibi ana haki.

Muulize pia yeye alitumwa wapi akiwa na miaka kumi. Utasikia habari za kisimani, malishoni, na kijiji cha pili kwa miguu. Kisha mwambie kilichobadilika: magari ni mengi, na majirani hatujuani. Hapo mtazungumza jambo moja.

Amechelewa kurudi tulipokubaliana. Nimwadhibu?

Kwanza jua kwa nini. Aliyechelewa kwa kukosa saa si sawa na aliyevuka mpaka akijua. Wa kwanza anahitaji saa. Wa pili anapunguziwa kamba: raundi inayofuata anabaki nanyi, ile ya baada yake anapewa muda nusu, siku hiyohiyo ikiwezekana, ili aone kwamba anaweza kuupata tena.

Kumfokea au kumchapa mbele ya binamu zake kunamfundisha kitu kimoja tu, kwamba akichelewa tena ni afadhali atunge uongo, au asirudi mpaka hasira ziishe. Nami nataka mtoto aliyechelewa akimbie kuja kwangu.

Na akipotea kabisa?

Mtu mzima mmoja abaki mahali pa kukutania, asiondoke hata kidogo. Mwingine aende mlikomwona mwisho. Kama kuna maji karibu, maji yatazamwe kwanza, kabla ya vyoo na maduka. Waarifuni walinzi au kituo cha polisi cha eneo hilo mara moja, mkiwaonyesha picha ya asubuhi, ili mwenye kipaza sauti atangaze. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Msisubiri saa moja kwa kuona aibu.

Mtoto naye ajue la kwake. Akigundua amepotea, asimame, asitoke nje ya eneo. Aende kwa mlinzi aliyevaa sare, kwa mwenye banda la kudumu, au kwa mama aliye na watoto, aseme jina lake na namba ya mzazi. Mfanyie majaribio nyumbani: “Mimi ni muuza vocha, wewe umepotea, niambie.” Wengi hukwama kwenye jina kamili la mzazi, kwa sababu wanamjua kama Mama Fulani tu.

Kijana wangu wa miaka 15 hataki tena kutoka nasi.

Hajakuchukia. Muulize ni nini hasa hataki: pengine ni kukaa saa tano kwenye kiti cha plastiki akisikiliza mambo ya watu wazima. Mpunguzie. Aje na rafiki mmoja, aje kwa chakula kisha aondoke kwa mwendokasi akiwa amekuaga, au apange yeye safari moja, kuanzia nauli mpaka chakula. Akipanga mwende Morogoro kwa treni ya SGR asubuhi na kurudi jioni, mfuateni bila kumsahihisha kila dakika. Safari mbili tatu kwa mwaka zibaki za lazima: msiba, harusi, kwenda kwa bibi. Hizo hazina mjadala, na akijua ni chache hatagomba nazo.

Wangu ni mwoga. Namruhusu lakini hataki kuondoka pembeni yangu.

Usimsukume, wala usimwite mwoga akisikia. Mpe kazi ndogo ukiwa hatua tatu nyuma yake. Mkienda Kigamboni kwa pantoni, mpe yeye nauli atangulie getini kuwalipia wote, wewe ukiwa wa mwisho kupita. Siku nyingine akaulize bei ya madafu ninyi mkiwa mmesimama pale pale. Safari inayofuata kaa chini badala ya kusimama. Akigeuka kukutafuta kwa macho akakuona, mpungie mkono, asogee tena. Akikataa leo muulize safari ijayo, na umweleze mapema nyumbani, kabla hamjatoka, ni kazi gani utakayomwomba.